Mwizi Aliyeogopa Mlango Wazi

Mwaka ule mpimaji alipokuja Nyacheki na minyororo yake, watu walisahau kulala sawasawa. Mtu aliamka, na kabla hajakamua ng'ombe akaenda kwanza kutazama mkonge alioupanda mpakani kama bado umesimama pale alipouacha jana. Ndugu waliokuwa wakikopeshana chumvi wakaanza kusalimiana kwa mbali. Hata kuku, nikikumbuka vizuri, walitaga vichakani. Ilikuwa 1970. Mimi nilikuwa mke kijana wa konstebo Ongeri, nina mtoto mmoja mgongoni, Abner.

Kila aliyepimiwa alipewa karatasi ya muda. Ijumaa kamati ingekaa shuleni. Aliyekuja na karatasi yake, jina lingeingia katika kitabu kikubwa cha serikali. Aliyekuja mikono mitupu angesubiri, na hakuna aliyejua kusubiri huko kunaishia wapi.

Jumatano, karatasi ya Makori ikapotea.

Makori alikuwa wa ukoo wetu, nyumba yake ng'ambo ya kijito, lakini kazi yake ilikuwa Kericho kwenye mashamba makubwa ya chai, na nyumbani alikuja mara mbili kwa mwaka. Karatasi alimwachia mkewe, Nyangate, mwanamke mkimya mwenye mikono ya kazi. Nyangate aliikunja mara nne, akaitia katika kikapu kidogo, akakitundika kwenye kigingi ukutani, mkabala na dirisha. Asubuhi ile alisiriba sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Akafunga mlango kwa kamba tu, kama sote tulivyofunga siku zile, akaacha dirisha wazi ili upepo ukaushe sakafu, akaenda kuchuma chai. Aliporudi saa nane alikuta kikapu kimelala chini ya dirisha, kimepinduka. Karatasi hamna. Na sakafuni hapakuwa na alama hata moja ya mguu.

Alipiga yowe, watu wakaja mbio. Karani wa kamati naye akaja, na badala ya kumpa pole akasema kwamba siku hizi wako wanawake wanaouza karatasi za waume zao kwa matajiri wa mjini. Neno hilo likaota miguu. Kabla jua halijazama lilikuwa limefika kituo cha polisi.

Alhamisi asubuhi akaja mkubwa wa mume wangu, Sajini Salat. Alikuwa mtu wa Wajir, mrefu, mwembamba, anayevua viatu kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Hakuwa mtu mbaya. Alichutama mlangoni kwa Nyangate muda mrefu akiitazama sakafu. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja tu, kama njia ya nyoka, kutoka chini ya kigingi hadi chini ya dirisha.

"Mwizi ana miguu," alimwambia mume wangu. "Huyu hana. Basi karatasi ilitoka kabla sakafu haijasiribwa, na aliyesiriba ndiye aliyeitoa. Mkwaruzo huu ameuchora kutupumbaza."

Akamuuliza Nyangate kama anamshuku mtu. Nyangate alitazama vidole vyake vya miguu na hakujibu. Akaulizwa mara ya pili, akajifunika kichwa kwa kanga. Kimya hicho ndicho kilichomharibia. Sajini akatoa amri kwamba kesho saa nne gari litakuja shuleni, na mwanamke atapelekwa Kisii kushtakiwa.

"Mpaka hapo nina masikio," akamwambia Ongeri. "Niletee karatasi au niletee mtu."

Wanawake tulijua maana yake. Mke akipelekwa Kisii kwa kuuza shamba la mume, hata akiachiliwa hana pa kurudi. Nyumba yake itapewa mbuzi.

Nilimpelekea Nyangate uji. Nikiwa pale nikainama kuutazama ule mkwaruzo, si kwa upelelezi, ni kwa mazoea ya mtu ambaye amesiriba tangu utoto. Nikamwita mume wangu.

"Baba Abner, sakafu ulishawahi kuisiriba?"

"Hiyo ni kazi yenu."

"Basi sikiliza wenye kazi."

Nikamwonyesha. Sakafu ukiikwaruza ikiwa mbichi, kingo zinainuka na kung'aa kama midomo iliyopakwa mafuta. Ukiikwaruza imekauka nusu, kingo zinavunjika chengachenga. Hizi zilikuwa zimevunjika. Nyangate alimaliza kusiriba saa mbili, na kwa jua la jana yake, sakafu ingefika hapo kama saa sita. Saa sita mimi na Nyangate tulikuwa kwenye foleni ya kuuza majani, tukimcheka karani wa mizani aliyekuja amevaa kiatu cheusi na kiatu cha kahawia.

Ongeri alikwenda kumwita Sajini. Sajini akachutama tena, akavunja ukingo kwa ukucha, akausaga kati ya vidole.

"Mama Abner amesema kweli," alisema. "Lakini mtu anaweza kuibiwa na mwizi aliyemwita mwenyewe. Sakafu imenipa saa. Haijanipa jina."

Tangu hapo mume wangu hakukaa chini. Alizunguka nyumba ile mara sijui ngapi, akaja kwangu, akaondoka, akarudi kwa sababu amesahau kofia, akaondoka bila kofia. Nje ya dirisha, kwenye matope, kulikuwa na alama tele za akala, viatu vya tairi, ambavyo nusu ya wanaume wa Nyacheki walivaa. Na ukutani, chini ya dirisha, palikuwa na mchubuko mahali mti mrefu ulipoegemezwa. Mwizi alikuja na upembo, ule mti wenye ndoano wa kuangulia maparachichi, akauingiza dirishani, akakivua kikapu kama samaki.

Hapo ndipo palipomkera. Mlango ulikuwa na kamba tu. Mtoto angeifungua. Kwa nini mtu mzima aache mlango ulio kama wazi, ahangaike na upembo dirishani? Sajini alisema mwizi aliogopa kuacha alama kwenye sakafu mbichi. Ongeri akasema mtu anayeogopa alama hasimami matopeni na kuzunguka kama ng'ombe kwenye mto. Wakabishana.

Saa tisa Sajini aliagiza aitwe baba yake Makori, mzee Nyangau, aeleze nani alijua karatasi inawekwa wapi. Mzee akaja na kofia yake kuukuu, akasimama uani. Walipoanza tu kuzungumza, mvua ikashuka, ile ya kwetu ya mchana ambayo haibishi hodi. Tulikimbilia ndani sote: mimi na mtoto, Sajini, mume wangu, yule karani wa kamati. Nyangate alikuwa tayari ndani, akasogea pembeni na kutugeuzia mgongo.

Mzee Nyangau alibaki nje.

"Ingia, mzee," Sajini akamwita. "Mlango uko wazi."

Mzee alisema yuko sawa. Mvua ilimpiga, ikajaa kwenye ukingo wa kofia, ikamwagika mabegani. Sajini akamwita tena, sauti imeanza kukauka. Mzee akatikisa kichwa na kusogea hadi chini ya paa, lakini pembeni, mbali na mlango, uso ukielekea migomba. Akayajibu maswali yote akiwa pale, akiiambia migomba. Sajini akanong'ona kwamba wazee wa huku ni wakaidi.

Mimi sikuona kitu. Ningeonaje? Nimekulia humo. Kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, mvua inyeshe, moto uwake. Tunaiita ensoni, haya iliyo kama ukuta kati ya mzazi na mtoto aliyekua. Si sheria ya kuandikwa. Ni kama vile huli udongo. Basi mzee akinyeshewa mlangoni kwa mwanawe, sisi tunaona mvua tu.

Lakini nilimwona mume wangu. Alikuwa ameshika kalamu na daftari, na kalamu ikasimama. Alimtazama mzee, akatazama dirisha, akatazama kigingi. Kisha akainamisha kichwa haraka kama mtu aliyefungua mlango na kukuta watu wanaoga.

Jioni hakula. Nilimwekea matoke, akayageuza sahanini hadi yakapoa.

"Nimejua," alisema, "na heri nisingejua. Mwizi wa kawaida angeingia mlangoni. Huyu hakuweza. Hata akiwa anaiba, hakuweza."

Hakutaja jina, na mimi sikuuliza. Mwenye mwiko ule kwa nyumba ile alikuwa mmoja tu aliye hai. Ndugu yake mkubwa, ambaye naye kwetu ni baba, alikuwa amekwisha zikwa.

Nikadhani sasa mambo yameisha, mume wangu atamwambia Sajini, Nyangate atalala kwake. Nilikuwa kijana. Ongeri alianza kutembea ndani ya nyumba, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Mzee Nyangau, kwa ukoo, ni baba yake pia. Anamwita tata. Je, atamtia pingu tata? Na Sajini akimkamata mzee mbele ya mke wa mwanawe, Nyangate atapika wapi tena katika boma lile? Atakuwa mwanamke aliyemfungisha baba mkwe. Makori akirudi kutoka Kericho atamkuta nani, mke au baba?

"Nyangate anajua," nikasema. Nilielewa pale pale kile kimya chake. Aliuona mkwaruzo kabla yetu sote. Angekwenda Kisii, angelala chini selo, lakini kinywa chake kisingemtaja baba mkwe.

"Basi tuko watatu tunaojua," Ongeri akasema, "na hakuna mwenye mdomo."

Tukahesabu nani anaweza kumwambia mzee. Watoto wake, hapana. Wake za watoto, hapana. Mkewe alikuwa marehemu. Mchungaji angeligeuza jambo kuwa hubiri. Ndipo nikamkumbuka Nyamoita, mjane wa yule ndugu mkubwa. Shemeji kwa shemeji wana ruhusa ya utani, na Nyamoita ruhusa hiyo aliitumia mpaka ikachakaa.

Ijumaa, jua likichomoza, tulikuwa kwake. Alikuwa bibi wa meno matatu na vitendawili mia. Watoto wa kijiji walimpitia mbali, kwa sababu ukishindwa kutegua unamtekea maji. Mume wangu akaanza kuzunguka maneno: tuna shida, kuna mtu, mtu huyo kwetu ni mkubwa. Nyamoita akainua mkono.

"Usinitajie mtu. Ukinitajia nitalazimika kukukasirikia. Nitegee."

Ongeri, askari wa serikali na vifungo vyake vya shaba, akafikiri, akasafisha koo.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni alikula ndani ya nyumba na mguu wake haukukanyaga sakafu. Na mlango ulikuwa wazi."

Nyamoita alicheka. Kisha kicheko kikakatika, akakaa akitazama njia inayokwenda kwa shemeji yake.

"Saa ngapi gari linakuja?" akauliza.

"Saa nne."

Akachukua fimbo. Akamtuma mume wangu shuleni awacheleweshe, na mimi akaniambia nimfuate yeye. "Wewe umesoma. Nitajuaje nimepewa karatasi gani?"

Mzee Nyangau alikuwa akipasua kuni. Nilibaki nyuma ya ghala lake la wimbi, Abner mgongoni, nikiomba asilie. Nyamoita akaketi juu ya gogo bila kukaribishwa.

"Umekonda, shemeji. Ndiyo maana hukunirithi. Uliogopa ningekumaliza."

"Ungenimaliza kwa mdomo," mzee akasema.

"Mdomo umebaki wenyewe, meno yameniacha. Kitendawili."

"Nina kazi, Nyamoita."

"Kitendawili."

Mzee akashusha shoka. "Tega."

Akamtegea kile kile, neno kwa neno. Nilisikia maji yakidondoka kutoka migombani, maji ya mvua ya jana.

"Jua," mzee akasema.

"Jua halili."

"Moshi."

"Moshi unatoka, hauingii."

"Panya."

"Panya ana miguu minne. Sakafu ingemwona."

Nyamoita akamngoja, na mimi nikawaza saa. Kutoka pale hadi shuleni ni mlima mmoja na bonde moja, na Nyamoita ana miguu ya zamani.

"Umeshindwa," akasema. "Nipe mji."

"Chukua Kisii."

"Kisii ina vumbi. Na leo kuna binti wa watu anapelekwa huko kwenye gari la polisi, siutaki. Nipe ule mji mdogo. Unaokunjwa mara nne."

Shoka likaanguka. Mzee akaanza kusema, na sauti yake haikuwa ya mzee niliyemjua.

"Yule mpimaji alisimama katika shamba la baba yangu. Mimi nimesimama pale pale. Akaniruka kama kisiki, akaandika mtoto. Nikawasikia wakiita, Makori, Makori, Makori. Nyamoita, mtu ambaye ardhi yake imeandikwa jina la mtoto na yeye bado anakula ugali, huyo ni nani? Wamenizika na mimi nasikia."

"Kwa nini basi hukuichoma?"

"Nichome jina la mwanangu? Mimi si mchawi."

Kisha nikasikia akala zake zikija. Zikija ghalani. Nilitaka kukimbia, lakini nyuma yangu palikuwa na ua. Mzee akazunguka ghala, akainua paa la nyasi kwa mkono mmoja, akaingiza mwingine ndani ya wimbi, na alipougeuza uso akaniona. Mimi nikatazama chini. Yeye akatazama juu. Tulisimama hivyo, baba mkwe na mke wa mtoto, karatasi katikati yetu ikidondosha punje. Akaiweka juu ya jiwe na kurudi nyuma. Mkononi hakunipa, na mimi nisingepokea.

"Soma," Nyamoita akasema. Alikuwa amekwisha kuja.

Nikaifungua. Namba ya shamba. Ekari tatu na robo. Kisha jina. Nikalisoma kwa macho tu.

"Soma, tunachelewa."

Kwetu mke wa mtoto halitamki jina la baba mkwe, sembuse mbele yake. Nilifikiria Nyangate aliyekaa shuleni na kanga kichwani. Nikasoma.

"Makori Nyangau."

"Rudia."

"Makori Nyangau."

Mzee hakunigeukia. Alimuuliza shemeji yake, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. "Langu limo?"

"Amesema limo."

"Mahali gani?"

Nyamoita akanitazama. Nikaweka kidole juu ya karatasi, akakifuata kwa macho ingawa herufi hakuzijua.

"La pili," akamwambia. "Nyuma ya mtoto. Kama mtu anayechunga."

Mzee alikaa chini pale pale penye vibanzi vya kuni, akavua kofia. Hatukungoja. Nyamoita alinishika mkono, tukaanza kupanda.

Tulisikia injini kabla hatujaona shule. Gari lilikuwa limegeuzwa tayari, na Nyangate ameketi nyuma kati ya askari wawili, uso umefunikwa. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya gari akimweleza Sajini jambo kwa mikono yote miwili, na nilijua amekwisha maliza maneno ya kweli, sasa anatunga. Nyamoita akapita katikati ya watu, akampa Sajini karatasi.

Sajini akaisoma pande zote. Akapuliza punje ya wimbi.

"Ilikuwa wapi?"

"Ndani ya wimbi."

"Nani aliitia humo?"

"Sajini," Nyamoita akasema, "nimeambiwa ulitaka karatasi au mtu. Hii ndiyo karatasi."

Mzee Nyangau alikuwa amefika nyuma yetu, amesimama mbali kando ya ua, kofia mkononi, bado imelowa. Hakuna aliyemwonyesha kwa kidole. Lakini Sajini alimwona, akatazama ile kofia muda mrefu. Kisha akamtazama mume wangu, na mume wangu akatazama viatu vyake.

"Jana mzee yule alinyeshewa na mlango uko wazi," Sajini akasema polepole. "Nilidhani ni ukaidi."

Akakunja karatasi mara nne, akamrudishia Nyamoita, akafunga daftari.

"Mimi pia nina wakwe," akasema. Akaamuru mwanamke ashushwe.

Nyangate alishuka. Njia fupi ya kwenda mezani kwa kamati ilipita pale aliposimama baba mkwe wake. Hakuipita. Alizunguka ua wote wa shule, uso chini, kama mke mwema anavyompisha baba wa mumewe, akatokea upande wa pili. Mzee naye aligeuka kutazama vilima mpaka alipokwisha pita.

Majina yaliandikwa siku ile ile, yote mawili.

Wiki iliyofuata mzee alichinja kondoo bila kueleza sababu, akamtuma Nyamoita apeleke mguu kwa Nyangate. Nyangate akaupika, akala. Lakini Jumapili alichanganya udongo akaliziba lile dirisha. Makori alipokuja Krismasi akauliza kwa nini nyumba ina giza, akaambiwa ni upepo.

Mume wangu hakupata jibu la jambo moja, na aliniuliza miaka mingi, tukiwa tumezeeka: mkono wa mti ukiingia, mtu ameingia au hakuingia? Nilimwambia alale. Ila kila mvua iliponyesha, kile kiraka kwenye ukuta wa Nyangate kililowa kabla ya ukuta wenyewe, na ukipita njiani ungeweza kuliona dirisha lilipokuwa.